Kabla ya safari ndefu: jiandae kwa taa ya injini kuwaka

Taa ya injini, ile ya njano yenye umbo la injini ambayo gereji wanaiita cheki injini, haikuambii kipuri gani kimekufa. Inawaka kwa sababu kompyuta ya gari imepata kipimo kisicholingana na ilichokitarajia, basi. Kutojua hilo ndiko kunakowamaliza watu fedha: gari linapimwa kwa mashine, mashine inataja jina la sensa fulani, yaani kifaa cha kupimia, sensa inanunuliwa, na baada ya siku chache taa imerudi palepale. Maelezo haya yanamfaa zaidi mwenye Toyota ndogo ya petroli, kama IST, Vitz au Probox, anayejiandaa kwa safari ya mamia ya kilomita. Mwenye gari jingine la petroli atakuta mengi ni yaleyale.

Anza wiki moja kabla, siyo usiku wa kuamkia safari. Washa swichi bila kupiga stata na utazame dashibodi. Taa ya injini, ya oili na ya betri zote ziwake, kisha zizimike sekunde chache baada ya injini kuunguruma. Ikiwa ya injini haiwaki kabisa kwenye swichi, usifurahi. Ama imeungua, ama kuna mtu aliitoa au kuiziba kwa tepu ili auze gari. Wengine huiunganisha na waya wa taa ya oili ili zizimike pamoja, na hapo macho peke yake hayatoshi. Kifaa cha kusoma misimbo, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta huhifadhi, kitakuonyesha kama kompyuta imeagiza taa iwake wakati dashibodi iko kimya.

Wote watakaoshika usukani wafahamu tofauti ya rangi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka injini ikiwa inaunguruma, egesha mahali salama na uzime papo hapo, hata kama gari halina mlio wowote wa ajabu, maana presha ya oili ikikosekana vyuma vinasagana ndani ya dakika chache. Nyekundu ya joto nayo ni ya kusimama. Kumbuka kwamba Vitz na IST nyingi hazina mshale wa joto: zina taa ya bluu au kijani injini ikiwa baridi, halafu hakuna kitu, halafu nyekundu ikishachemsha. Dereva aliyezoea mshale hupitwa na hili.

Ya injini yenyewe ina tabia mbili. Ikitulia bila kumeta, na gari linavuta kama kawaida, joto liko sawa na oili iko sawa, unaweza kuendelea kwa mwendo wa wastani hadi mahali pa kupima. Ikianza kumeta, injini inamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, vibaya kiasi cha kuharibu masega (kisafisha moshi kilichomo kwenye eksozi), kwa sababu petroli isiyoungua inatoka silindani na kwenda kuwakia kwenye eksozi. Achia mafuta mara moja. Ikiacha kumeta, nenda taratibu bila kulilazimisha gari hadi kituo cha karibu. Ikiendelea kumeta, simama. Kupandisha mlima wa Kitonga huku taa inameta ni kuyayusha masega, na masega yaliyoyeyuka huziba eksozi hadi gari linakosa nguvu kabisa.

Kifaa cha kusoma misimbo ni kitu cha kununua na kukijaribu nyumbani. Kile kidogo cha bluetooth, aina ya ELM327, huchomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani na kusomwa kwa programu ya simu. Pakua programu mapema, unganisha, hakikisha inaonyesha mizunguko ya injini na joto la maji. Usisubiri kufanya hivyo porini pasipo mtandao. Kuna tatizo moja ambalo wauzaji hawalisemi: magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani miaka ya mwanzoni mwa 2000 mara nyingi yana soketi hiyohiyo lakini hayazungumzi na vifaa vya bei rahisi. Ukikwama hapo, tafuta fundi mwenye mashine inayojua lugha ya Toyota yenyewe.

Toyota nyingi za umri huo zina njia ya pili. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha pini namba 13 na namba 4 za soketi kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa zitaanza kumeta, na ile ya ABS na ya mifuko ya hewa zinaweza kumeta pia, kwa hiyo tazama ya injini tu. Kumeta sawasawa bila kukoma maana yake hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikimeta mara mbili, ikatulia kidogo, ikameta mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Mara tatu kisha mara moja ni 31, upande wa kupima hewa. Kuwa makini sana na pini 16, ina umeme wa betri muda wote. Kama huna uhakika wa kuhesabu pini, acha kazi hii kwa fundi.

Msimbo wenyewe unasomeka kwa sehemu. P ni injini na gia, C ni chasisi, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, msimbo ni wa pamoja kwa magari yote, na 1 kwa kawaida ni wa kampuni iliyotengeneza gari. Inayofuata inaonyesha eneo: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni moto wa plagi, 4 ni moshi, 7 ni gia.

Chukua P0171, mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Watu wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, ambayo mara nyingi ndiyo imefanya kazi yake kwa kutoa taarifa. Fungua programu utazame LTFT, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kujirekebisha. Injini nzima hukaa karibu na sifuri, na ikivuka asilimia 10 kwenda juu kuna jambo. Sasa linganisha: ikiwa iko juu gari likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta) na inashuka ukishikilia mizunguko 2,500, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Kagua mpira kati ya eya klina na throto, hasa kwenye mikunjo yake unapochanika bila kuonekana, na vimpira vidogo vilivyokauka. Ikiwa inapanda kadiri unavyokanyaga mafuta, petroli haifiki ya kutosha: pampu imechoka au chujio la mafuta limeziba. Au sensa ya kupima hewa imechafuka. Sensa hiyo husafishwa kwa dawa yake maalumu tu, bila kuguswa kwa kitambaa wala kidole, na iachwe ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Dawa ya kusafishia kabureta inaweza kuiua.

P0300 hadi P0304 ni kumisi. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda, na namba 1 iko upande wa mkanda. P0300 maana yake kumisi kunahamahama. Hapa kuna jaribio la bure ambalo kila mwenye injini kama 1NZ, iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, anaweza kulifanya kwa spana namba 10. Tuseme umepata P0302. Zima gari, acha injini ipoe, piga picha msimbo, chomoa koili ya silinda ya 2 na ubadilishane na ya 3. Futa msimbo, endesha. Ukipata P0303, koili ndiyo mbovu na utanunua moja tu, siyo nne. Ukibaki na P0302, badilishana plagi kwa namna ileile. Zote mbili zikishindwa kuhamisha msimbo, ndipo uende kwenye nozeli na kupima kompresheni. Fundi anayekataa kufanya jaribio hili na kutaka ununue seti nzima, mwache.

Ukiwa umeitoa koili, imulike kwa tochi, na mulika pia kishimo ilimotoka. Mstari mweupe au mweusi kwenye mpira wake ni njia ya umeme uliovuja. Kishimo kikiwa na oili, sili za kava ya valvu zimekakamaa. Kikiwa na maji, jibu liko sehemu ya kuoshea magari. Kuosha injini kwa mashine ya presha siku moja kabla ya safari ni kosa linalorudiwa kila msimu wa sikukuu: gari linang'aa, linafika Chalinze linamisi. Puliza kishimo kwa kompresa kabla ya kufungua plagi, la sivyo maji na mchanga vitaingia silindani.

P0420 husema masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Kabla ya kulipia chochote, hakikisha eksozi haivuji mbele ya sensa ya oksijeni na kwamba injini haijawahi kuachwa ikimisi au kula oili, maana masega mapya yatakufa kwa sababu ileile. Uliza pia kama masega bado yamo. Ndani yake kuna platinamu, paladi na rodi, na wapo wanaoyatoa na kuyauza mwenye gari akiwa anakunywa chai. Ushauri wa kukaza kifuniko cha tangi ni wa kweli kwa magari yanayopima uvujaji wa mvuke, hasa yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Magari mengi ya zamani ya Japani hayapimi hilo.

Thamosta, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto, nayo ichunguzwe. Mafundi wengi huitoa wakidhani wanazuia gari kuchemsha. Matokeo yake injini haifikii joto lake, kompyuta inaendelea kumimina petroli kama asubuhi, plagi zinakuwa nyeusi na magari mapya zaidi huandika P0128. Gari likichemsha tafuta sababu: rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, kifuniko cha rejeta kisichoshika presha, au maji ya bomba yasiyo na kulanti yaliyojaza kutu ndani.

Pima betri kwa mita. Ikiwa imepumzika, volti 12.6. Injini ikiunguruma, kati ya 13.5 na 14.8. Umeme dhaifu huzaa misimbo ya uongo ya vitu vingi kwa pamoja, kwa hiyo ukikuta misimbo sita isiyohusiana, anza na betri, vichwa vyake na waya wa ethi.

Sasa jambo linalochezewa kuliko yote: kufuta. Kubonyeza kitufe cha kufuta au kuchomoa betri kunaondoa msimbo, vipimo vilivyohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea, na pia majaribio ya kujikagua ambayo kompyuta ilishayakamilisha. Piga picha kila kitu kwanza. Hitilafu nyingi huhitaji kujirudia katika safari mbili kabla taa kuwaka, kwa hiyo gari lililofutwa asubuhi na taa ikakaa kimya hadi jioni halijathibitisha chochote. Hii ndiyo sababu ya kuanza wiki moja kabla: unatengeneza, unaendesha siku kadhaa, kisha unaangalia kwenye programu kama majaribio yamekamilika. Mnunuzi wa gari akikuta majaribio yote hayajakamilika, ajue kuna mtu amefuta karibuni.

Kwenye buti weka oili lita moja ya namba ileile iliyomo kwenye injini. Kwa injini nyingi ndogo hicho ndicho kiasi cha kutoka alama ya chini hadi ya juu kwenye kijiti. Ongeza maji lita 5, spana namba 10, boksi ya plagi na mkono wake mrefu, koili moja ya akiba, fyuzi za ampea 10 na 15, tepu ya umeme, tochi, glovu na pembetatu za tahadhari. Oili ipimwe gari likiwa tambarare, dakika 5 baada ya kuzima. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe gari likiwa la moto, kwa namna yoyote. Subiri nusu saa au zaidi, kisha ushike bomba la juu kwanza.

Panga pia pa kusimama. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na hapo si mahali pa kufungua boneti na kuzunguka gari kwa miguu. Pima vitu vyako kabla ya kuingia hifadhini, na taa ikiwaka ya kutulia ndani, endelea polepole hadi mji wa Mikumi. Gari likikataa kabisa, kaeni ndani na mpige simu.

Mwisho, ijue ndoano ya kuvutia. Katika magari mengi imefichwa pamoja na jeki, inafungwa kwa kuzungushwa nyuma ya kifuniko kidogo kwenye bampa. Gari la otomatiki linaloendeshwa na magurudumu ya mbele livutwe likiwa limenyanyuliwa mbele. Lenye kuendeshwa na magurudumu yote manne libebwe lote. Kulikokota kwa kamba likiwa chini, injini imezimwa, ni kuizungusha gia bila oili yake kusukumwa, na unaweza kufika gereji na taa ya injini pamoja na gia iliyokufa.