Kabla ya Kwenda Kusoma Hungaria: Ramani Kwanza, Koti Baadaye

Ukipata nafasi ya masomo Hungaria, kila mtu atakuuliza kama umeshanunua koti. Koti si tabu, soko la mitumba la Gikomba yamejaa tele. Mimi ningekuuliza kama umeitazama ramani.

Nchi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 93,000 hivi. Kenya inaimeza mara sita. Haina bahari, na mlima wake mrefu kuliko yote, Kékes, una mita 1,014, yaani mkazi wa Nairobi analala juu zaidi ya kilele hicho kila siku. Majirani ni saba: Austria, Slovakia, Ukraine, Romania, Serbia, Kroatia na Slovenia. Hapo usipite haraka, kwa sababu Serbia na Ukraine haziko katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya ambazo watu huvuka mipaka yake bila kukaguliwa pasipoti. Ukipangiwa chuo mjini Szeged, mpaka wa Serbia uko karibu sana na wenzako watakualika matembezi ya wikendi. Kabla hujapanda basi, hakikisha karatasi zako zinakuruhusu kuingia kule na, zaidi ya yote, kurudi.

Budapest nayo isome kabla hujatafuta chumba. Mto Danube, ambao wenyewe huuita Duna, unaukata mji katikati: Buda yenye vilima upande wa magharibi, Pest tambarare upande wa mashariki. Ilikuwa miji mbali mbali hadi 1873, ilipounganishwa pamoja na Óbuda. Chumba cha Buda kinaweza kuwa kizuri, ila uwe na magoti.

Historia ni ndefu na hutaimaliza kwenye ndege. Waturuki wa Dola ya Osmani waliwashinda Wahungaria pale Mohács mwaka 1526, wakaishika Buda kuanzia 1541 hadi 1686. Mjini Pécs utaona kanisa ambalo ni msikiti wao wa zamani. Wakaja watawala wa ukoo wa Habsburg kutoka Austria. Lakini ukiwa na nafasi ya kusoma jambo moja tu, soma Mkataba wa Trianon, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa mkataba huo wa Juni 4, 1920, Hungaria ilipoteza takriban theluthi mbili za ardhi yake, na Wahungaria wapatao milioni tatu wakaamka wakiwa raia wa nchi nyingine. Ndiyo maana utaona magari yamebandikwa ramani ya nchi kubwa kuliko hii uliyofikia. Usiifanyie utani, na usiingie ubishi usioujua mwisho wake. Mtu wa Lunga Lunga mwenye shangazi Horohoro, ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, ataelewa hisia hizo upesi kuliko Mzungu wa London.

Kalenda pia imebeba historia. Machi 15 ni mapinduzi ya 1848, Agosti 20 ni Mfalme Stefano aliyeasisi ufalme, Oktoba 23 ni maasi ya 1956 yaliyozimwa na vifaru vya Kisovieti. Siku hizo maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua maziwa na mkate jana yake. Fedha ni forinti; nchi iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 lakini haikuchukua yuro.

Lugha watakutisha nayo. Haina undugu na Kijerumani wala Kirusi. Ndugu zake ni Kifini na Kiestonia. Ila wewe una mtaji ambao wengi hawana. Nyumba ni ház, ndani ya nyumba ni házban: kiambishi kimebandikwa mwishoni, kama -ni ya nyumbani. Na ő ni yeye, awe mwanamume au mwanamke. Kinachowaponza wageni ni fomu. Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo tafuta neno vezetéknév, ndipo uandike la ukoo. Keresztnév ni lako mwenyewe. Ukiyageuza, kadi ya benki na kibali cha kuishi vitasoma watu wawili.

Mwisho, mweleze mama habari za saa. Wakati wa joto nyumbani kuko mbele kwa saa moja. Wakati wa baridi ni mbili, maana Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Hungaria hurudishwa nyuma. Asipojua, atakupigia saa kumi na moja alfajiri akidhani umeshaamka.