Shoo imekwama na tiketi ushalipa? Fanya hivi

Jamani kwanza usikate bangili ya tiketi. Najua hasira, mie nimetoka Chake na boti mpaka Unguja, nikakaa pwani toka magharibi mpaka saa sita za usiku, jukwaa giza, jenereta limezima, mpiga ngoma kalalia begi lake, mara akaja kijana akasema "nendeni tu, tutawasiliana". Watu wakakata bangili wakazitupa mchangani. Wiki ya pili pesa zikaanza kurudishwa, sharti la kwanza nini? Bangili!

Usiku ule ule piga picha tiketi, jukwaa tupu na tangazo lenye majina ya wasanii na saa, maana asubuhi linaweza kuwa lishafutwa. Meseji ya muamala usiifute hata simu ikijaa.

Halafu angalia pesa kashika nani. Kama umenunua mtandaoni mwandikie muuza tiketi na mwandaaji wote wawili. Ulilipa kwa kadi ya Visa nenda benki useme unapinga malipo, huduma haikutolewa, na usilaze damu, kawaida mwisho ni siku 120 toka siku ya shoo. Pesa za simu ndo kazi, kule kurudisha muamala ni kwa aliyekosea namba sio kwa aliyeahidiwa muziki akapewa mbu, kwa hiyo mbane mwandaaji mwenyewe. Ulinunua kwa mtu Forodhani bila risiti... pole, labda uwe unakujua kwao.

Andika, usipige simu tu. Mie mwanzo niliandika kurasa mbili za matusi ya kistaarabu, kimya. Nikaja kuandika hivi, nikajibiwa kesho yake: "Nimenunua tiketi 2, jumla 80,000, muamala namba hii, shoo haikufanyika, naomba pesa yangu ndani ya siku 14." Watakwambia tiketi itatumika mwakani, ukitaka kubali, ila ukishasema ndiyo kurudi nyuma ni shida.

Wakinyamaza fungueni grupu la WhatsApp, orodha ya majina na kiasi cha kila mtu, mwende nayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ile ya hapa Zanzibar, mlalamiko wa watu arobaini hausukumwi pembeni kama wa mmoja. Na msingoje mwandaaji afilisike. Tamasha la Fyre la Bahamas lilivunjika 2017, mwandaaji wake Billy McFarland akafungwa miaka 6 mwaka 2018, lakini watu 277 wenye tiketi walikuja kufikia makubaliano ya fidia 2021, tena kwa kutegemea kilichobaki kwenye mufilisi. Sio kila shoo isiyofanyika ni utapeli lakini, Sauti za Busara 2016 haikuwepo kwa kukosa ufadhili na watu waliambiwa mapema.

Chumba na nauli ni kesi nyengine, ukisikia shoo inayumba mpigie mwenye nyumba ya wageni kabla hujafika, wengine wanakusogezea tarehe. Mie tiketi nimerudishiwa, ya boti nimemeza.