Kabla hujatiwa matone ya kupanua mboni

Swali la kwanza uliulize kabla hujalipa, palepale dirishani wanapoandika kadi: "Leo nitatiwa matone ya kupanua mboni, au la?" Jibu lake ndilo linaloamua utarudi nyumbani vipi na jioni yako itakwendaje.

Maana vipimo vya macho si kimoja. Kusoma herufi za ukutani umbali wa mita 6, kujaribishiwa lenzi za miwani, kupimwa presha ya jicho, hayo kwa mtu mzima hufanywa bila matone hayo ya kupanua. Ukimaliza unapanda boda yako, unapitia Kibuye kununua mboga, maisha yanaendelea. Lakini usije ukajisifu kwamba umesoma mpaka mstari wa chini kabisa, basi macho ni mazima. Retina, utando unaopokea picha, iko nyuma kabisa ya jicho na daktari huichungulia kupitia mboni. Akimulika tu, mboni inajibana, abaki kama mtu anayekagua sebule kupitia tundu la ufunguo. Matone huizuia isijibane. Zipo kamera zinazopiga picha ya retina bila matone, nazo ni msaada mkubwa, ila huonyesha zaidi sehemu ya katikati, na mwenye mtoto wa jicho picha yake mara nyingi hutoka na ukungu. Wenye sukari kama mimi tunatakiwa kukaguliwa retina kila mwaka hata tukiona vizuri, kwa sababu sukari hula mishipa midogo ya nyuma ya jicho kimyakimya. Kwa hiyo usiyakatae matone. Jipange tu.

Kitambulisho, kadi ya kliniki, majina ya dawa unazotumia: beba. Miwani ya zamani: beba, hata ikiwa na mkono uliovunjika. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho: zivue. Miwani ya jua au kofia pana ni lazima. Hapa Kisumu ikweta iko hapo Maseno tu, na mboni iliyo wazi haina pazia. Tenga nusu siku. Matone huchukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, na macho yetu meusi huchelewa, kwa hiyo usinune ukiongezwa tena. Yatachoma kidogo, halafu utasikia ladha chungu kooni. Bana kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa kidole, uchungu unapungua.

Ukungu hudumu saa nne hadi sita hivi, wengine mpaka kesho yake. Wa pikipiki aiache nyumbani. Fundi wa cherehani asipokee nguo ya kukabidhi asubuhi. Nauli na pesa za M-Pesa zitume mapema, kwa sababu kwenye simu 150 na 1,500 zitafanana.

Sasa lililonifunza. Mwaka juzi nilitiwa matone saa tisa alasiri. Muuguzi akaniambia, "Usiendeshe gari leo." Gari sina, nikaona hilo halinihusu. Nilitoka nikakutana na vioo vya matatu pale steji vinamemeta kama mabati mapya, nikajifunika leso kichwani mpaka Ahero. Nyumbani nikajiona nimeshamaliza mambo ya macho.

Saa moja jioni ikafika ya insulini. Sindano yangu ni ile ya yuniti 100: namba kubwa zimeandikwa 10, 20, 30, na kila kistari katikati ni yuniti 2. Dozi yangu ilikuwa 18, yaani kistari kimoja kabla ya 20. Mkono umeizoea hesabu hiyo. Nikaisogeza sindano kwenye taa, nikaivuta karibu, nikaipeleka mbali, vistari vimevimba vikashikana. Nikahesabu kimoja kabla ya namba, nikajichoma. Namba yenyewe ilikuwa 30. Nilikuwa nimevuta 28.

Usiku binti yangu wa gredi ya tano ndiye aliyeniamsha. "Mama, mbona shuka limelowa?" Nilitaka kumjibu, ulimi ukawa mzito. Alileta kikombe cha maji na kopo la sukari, akakoroga vijiko bila kuhesabu, nikanywa meno yakigongana na kikombe. Glukomita, kile kipimo cha sukari ya damu, aliisoma yeye: 2.6, chini mno. Tulikaa macho mpaka jogoo.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza jioni nina kazi gani ya kutazama karibu, nami sikusema. Sasa nasema. Na kabla ya kwenda kliniki namwambia wifi apite kwangu jioni. Mimi natamka namba, yeye anasoma kistari, ndipo sindano inaingia. Wewe nawe fikiria mapema: utapima nini, utasoma nini, utakata nini?

Mweleze daktari kama una mimba, kama una mzio wa dawa, au kama kwenu kuna glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho. Wapo wachache ambao pembe ya ndani ya jicho, ile inayopitisha maji ya jicho, ni nyembamba, na matone huweza kupandisha presha ya jicho ghafla. Jicho likiuma sana, likawa jekundu, ukatapika, au ukaona duara za rangi kuzunguka taa, rudi usiku huohuo. Usijipoze na panadol.

Kwa mtoto, matone huhitajika hata kwa kupima miwani, na akiandikiwa atropini, matone makali zaidi, mboni zaweza kukaa wazi wiki moja na zaidi. Waarifu walimu, wasije wakadhani ni uvivu wa kusoma. Chupa iweke juu ya kabati, maana ikinywewa ni sumu. Na kofia ya mtoto usisahau.