Waridi la Jangwani: Maji ya Juni Ndiyo Yanayoliua

Ikiingia Juni, majani ya waridi la jangwani, ule mmea wa chunguni wenye shina nene, huanza kugeuka manjano na kupukutika, na wenye nyumba nao huanza kukimbilia jagi la maji. Kufika Agosti naletewa chungu chenye shina lililolegea. Ukilibonyeza pale chini linatoa majimaji ya kahawia, na harufu yake huna haja ya kuambiwa ni ya nini. Halafu naulizwa ipigwe dawa gani. Hakuna dawa ya dukani inayorudisha shina lililokwisha kuoza, na mmea uliochukua miaka mitano kunenepa unaweza kumalizika ndani ya wiki tatu.

Sitaeleza hapa namna ya kununua mche wala kuchagua rangi ya ua, mnajua wenyewe. Nataka tuzungumze juu ya maji tu, kwa sababu ndipo hasara yote ilipo.

Mmea huu asili yake ni nyika kavu, kuanzia ukanda wa Sahel, kupitia Afrika Mashariki, mpaka Bara Arabu. Huku kwetu huota wenyewe kwenye mawe na vichaka vya nyika za Kenya na Tanzania. Lile shina lililovimba chini ni akiba ya maji. Ubaridi au ukame ukija, mmea huangusha majani kwa makusudi ili akiba isipotee, na mizizi hupunguza sana kunywa. Kwa hiyo maji unayomwaga wakati huo hayanywewi. Yanakaa kwenye udongo, yanafukuza hewa, mizizi inakosa pumzi, vimelea vya kuvu vinaingia na uozo unapanda kuelekea kwenye shina. Jani la manjano la Juni ni usingizi. Wewe unaona kiu.

Ratiba ya maji haiwezi kuwa moja kwa watu wote. Ukiwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kwa chungu chenye upana wa sentimita 20 kilicho dirishani penye jua: Desemba hadi Machi mwagilia kila baada ya siku 4 hadi 6, wakati wa masika, unyevu ukiwa mwingi hewani, ngoja siku 8 hadi 10, na kama chungu kiko barazani mvua inapofika, kisogeze ndani. Juni hadi Agosti ngoja siku 12 hadi 14. Ukiwa Arusha, Lushoto, Njombe au Nairobi, ambako usiku wa Julai nyuzi joto hushuka hadi 10 na pengine chini ya hapo, mmea ukishabaki mtupu bila jani hata moja acha kabisa kumwagilia. Shina likianza kunywea, mpe nusu kikombe mara moja kwa wiki 4, mchana wa jua, basi. Anza tena taratibu machipukizi yakitokeza, kwa kawaida Septemba au Oktoba.

Siku hizo nilizotaja ni za kukuongoza tu, anayeamua ni udongo. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke kando ya chungu hadi sentimita 8, subiri dakika 5, kitoe. Kikitoka na unyevu au chembe za udongo zimeng'ang'ania, rudisha jagi jikoni. Kidole hakifai kwa kazi hii. Kidole kinapima juu juu tu, na huko juu hukauka siku ya pili tu, ilhali chini bado ni tope.

Kuna hii tabia ya kikombe cha chai kila asubuhi, na sijui nani aliwafundisha. Kikombe kimoja hulowesha juu tu. Mizizi ya chini inakaa kavu, na ile ya juu, iliyo jirani na shina, haikauki asilani. Ukimwagilia, mwagilia kweli: kwa chungu hicho cha sentimita 20 mimina maji kidogo kidogo, kama lita 1, mpaka yatoke kwenye matundu ya chini. Baada ya dakika 30 mwaga yaliyojaa kwenye kisahani. Kisha usiguse mpaka kijiti kitoke kikavu.

Nimesema matundu. Vile vyungu vya kauri vya madukani vinavyong'aa, vingi havina tundu hata moja, na ndivyo watu wanavyovipenda kwa sebule. Ama utoboe, matundu 3 au zaidi yenye upana wa sentimita 1, ama uuache mmea kwenye chungu cha plastiki chenye matundu na hicho cha kauri kiwe vazi la nje tu, ukiutoa kila unapomwagilia. Kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu kisicho na tundu hakusaidii kitu. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Husimama juu yake mpaka udongo ushibe, kwa hiyo umeupandisha unyevu karibu zaidi na shina. Kokoto zichanganye na udongo wenyewe.

Udongo mweusi wa kitaluni, wenye samadi nyingi, ni mzuri kwa mchicha. Kwa waridi la jangwani changanya ndoo 2 za mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, ndoo 1 ya vipande vya mkaa au mawe mepesi ya volkano yenye ukubwa wa punje ya mahindi, na ndoo 1 ya mboji iliyoiva. Chekecha kwanza, vumbi la mkaa litupe. Jaza chungu, mimina nusu lita: maji yakisimama juu zaidi ya sekunde 10, ongeza mchanga. Na ninyi wa pwani, mchanga wa baharini una chumvi! Msiuchote ufukweni kwa sababu ni wa bure.

Kuhamishia chungu kipya kufanyike joto linapoanza, mara moja kwa miaka 2, na ukishahamisha kaa siku 5 hadi 7 bila kumwagilia ili mikwaruzo ya mizizi ikauke. Wengi humwagilia siku hiyo hiyo.

Shina kulegea kuna sababu mbili, na hapa ndipo watu hukosea mara ya pili. La kiu hulegea pande zote sawasawa, ngozi ina mikunjo, ukilibonyeza linarudi. Mwagilia kama nilivyoeleza na ndani ya siku 2 au 3 litakuwa gumu. Linalooza hulegea upande mmoja au chini kabisa, kidole kinazama, rangi imekuwa ya kahawia, na udongo ni mbichi. Udongo ukiwa mbichi na shina limelegea, hiyo si kiu hata siku moja.

Ukikuta uozo, usingoje kesho. Vaa glavu, ng'oa mmea, osha udongo wote. Pangusa kisu kwa spiriti, kata sehemu iliyooza kipande kwa kipande, ukipangusa kisu kila baada ya kukata, mpaka nyama yote iwe nyeupe isiyo na hata doa la kahawia. Doa moja ukiliacha kwa huruma, utarudia kazi hii wiki ijayo. Paka unga wa salfa au mankozebu, dawa za kuua kuvu, kwenye jeraha, laza mmea kivulini penye hewa kwa siku 7 hadi 14 mpaka pafanye gamba kavu. Panda kwenye mchanganyiko mkavu, kina kifupi tu, na maji ya kwanza yawe baada ya wiki 1. Ukiwa nyanda za juu na ni Julai, baada ya gamba kukauka uweke ndani, mkavu, bila udongo, mpaka joto lirudi. Shina nene linavumilia. Mizizi mipya haitoki kwenye baridi.

Jua: masaa 6 ya jua lenyewe kila siku. Penye kivuli udongo haukauki, na ratiba yangu yote hapo juu inakuwa haina maana. Pazia jeupe nalo ni kivuli. Mbolea ni NPK 17:17:17, nusu kijiko cha chai kwenye lita 2 za maji, mara moja kwa mwezi, kwenye udongo ambao tayari una unyevu, na katika miezi ya joto pekee. Yurea iacheni shambani kwenye mahindi. Hapa inaleta matawi marefu membamba yasiyo na ua. Mwishoni mwa baridi, machipukizi yakianza kuvimba, punguza matawi kwa theluthi moja, maana maua hutoka kwenye ncha na tawi lililokatwa hutoa ncha mbili au tatu.

Mmea ukiwa sawa, shina ni gumu kama mbao na vikonyo vya maua vinajionyesha vyenyewe.

Utomvu wake ni sumu ya moyo. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, huutumia kwenye mishale ya kuwindia. Kwa hiyo baada ya kukata nawa kwa sabuni kabla ya kugusa macho au chakula, kisu hicho kisirudi jikoni, na chungu kikae mtoto asipofikia. Vipande ulivyokata vichimbie shimoni, usiwatupie mbuzi.