Mcheki Anapohamia Uingereza: Ya Kupanga Mapema

Anza na jina. Pasipoti ya Ucheki ina alama juu ya herufi, lakini mistari ya chini inayosomwa na mashine haina: Dvořák anakuwa DVORAK. Tumia umbo hilo kila mahali, kuanzia benki na kazini hadi kwenye mkataba wa nyumba, la sivyo kompyuta zitakuona watu wawili. Novák na mkewe Nováková (umbo la kike la jina hilohilo) wawe na cheti cha ndoa kilichotafsiriwa, maana karani wa Kiingereza hajui kuwa hilo ni jina moja. Mwandiko nao una mtego wake: 1 ya Kicheki, yenye mkono mrefu unaopanda kushoto, huku husomwa kama 7. Chora kijiti kimoja cha wima, basi.

Uhuru wa kuhama uliisha mwishoni mwa 2020, kwa hiyo anayekuja sasa kufanya kazi anahitaji viza. Ruhusa yenyewe iko mtandaoni. Unaingia gov.uk, tovuti ya serikali, unatoa msimbo wenye uhai wa siku 90, kisha unampa mwajiri pamoja na tarehe yako ya kuzaliwa. Watu hukwama hapa: msimbo wa kazi huanza na W, wa kupanga nyumba huanza na R, na mwenye nyumba hawezi kutumia ule wa W. Ukipata pasipoti mpya, iingize kwenye akaunti yako kabla ya kusafiri, usije ukazuiwa uwanja wa ndege.

Kodi ya nyumba ikiwa chini ya pauni 50,000 kwa mwaka, amana hairuhusiwi kuzidi kodi ya wiki 5, na mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mpango ulioidhinishwa ndani ya siku 30. Piga picha kila ukuta siku ya kuingia.

Umeme ni volti 230 kama nyumbani, lakini plagi ina miguu mitatu minene na fyuzi ndani yake. Vifaa vya hadi wati 700 huwekewa fyuzi ya ampea 3. Birika na pasi huwekewa ya 13. Birika likizima ghafla, kagua fyuzi kabla ya kulitupa. Bafuni hakuna soketi ya kawaida, kwa hiyo nywele utazikaushia chumbani. Nyumba za zamani hushika ukungu kwenye kona za kuta za nje, hasa nguo zikianikwa ndani. Acha nafasi kati ya kabati na ukuta, na fungua madirisha wazi dakika chache asubuhi na jioni, kama Wacheki walivyozoea.

Unga utakusumbua kuliko viza. Knedlíky, madonge ya unga ya Kicheki yanayochemshwa, hutaka unga wenye chembe kubwa, na unga wa kawaida wa madukani huku ni laini mno: donge linanata, kisha linapikika zito. Nenda duka la Wapoland, tafuta pakiti iliyoandikwa krupczatka; hapohapo chukua twaróg, jibini laini la Kipoland, badala ya tvaroh ya Kicheki. Epuka unga wa Kiingereza uliokwisha kuchanganywa na poda ya kuumulia.

Kazini, weka kando Ing. na Mgr., vyeo vya shahada ambavyo Wacheki huweka mbele ya jina; bosi huitwa kwa jina lake la kwanza tangu siku ya kwanza. Ombi litoe kama swali, kwani amri fupi ambayo Brno, mji wa Ucheki, ni kawaida, hapa husikika kama ugomvi. Sifa na lawama zote hupunguzwa makali. Akisema kazi yako si mbaya, amefurahi. Akisema wazo lako linavutia halafu akageukia jambo jingine, limekufa. Anayekuuliza hali huku anapita hataki habari za mgongo wako: jibu kwa neno moja, umrudishie swali.

Baa ina sheria zake. Hakuna mhudumu anayekuja mezani na kikaratasi cha kuhesabia glasi zako. Unakwenda kaunta, unaagiza, unalipa papo hapo. Foleni haionekani, ila kila mtu anajua zamu yake, na kupunga noti hakukusogezi mbele. Glasi kamili ni mililita 568, hujazwa karibu hadi ukingoni, povu kidogo. Mkiwa kundi, mmoja hununulia wote, kisha mwingine. Ukinywa ya wenzako ukaondoka kabla ya zamu yako, hakuna atakayekuambia kitu, na wote watakumbuka. Ukitaka moja tu, sema mapema kuwa utajinunulia.

Krismasi ipange kwa kalenda mbili. Mlo wenu ni jioni ya tarehe 24, wao ni mchana wa 25, siku ambayo treni hazitembei na maduka makubwa hufungwa kwa sheria. Karpi, samaki wa mlo wenu huo, si wa kawaida sokoni huku. Mwagize wiki kadhaa kabla.