Kupiga ramli kwa karata, kama nilivyofunzwa na shangazi

Kwanza toa karata zote kuanzia mbili hadi sita, uziweke kando. Utabaki na saba, nane, tisa, kumi, ghulamu, malkia, mfalme na ree za kila aina, jumla 32. Ndizo alizotumia Mfaransa Jean-Baptiste Alliette, aliyechapisha maelekezo yake mwaka 1770 kwa jina la Etteilla, yaani jina lake likisomwa kinyumenyume. Ndizo pia alizotumia shangazi yangu, aliyehamia hapa Kaloleni, Kisumu, kutoka Mombasa pamoja na mumewe wa reli.

Jozi ya ramli haichezewi. Yangu hukaa kwenye mkebe wa majani chai juu ya kabati, imefungwa kwa kipande cha leso.

Kopa ni moyo na nyumba. Uru ni pesa na barua. Pau, ambayo vijana huiita maua, ni kazi na marafiki. Shupaza ni vikwazo. Kisha zikariri hizi: tisa ya kopa ni karata ya matakwa, ree ya kopa ni nyumba yenyewe, malkia wa shupaza ni mjane, kumi ya uru ni fedha, na tisa ya shupaza ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Wazungu humchagulia mtu karata kwa rangi ya nywele. Huku kwetu hilo halisaidii, mimi hutazama umri na shughuli zake.

Mwenye swali azichange mwenyewe huku akiliwaza jambo lake, kisha akate kwa mkono wa kushoto. Wengi husita, maana kwetu mkono huo haupewi mtu. Waeleze kwamba ndio ulio upande wa moyo. Panga tatu kifudifudi: yaliyopita, yaliyopo, yajayo. Funua moja moja, na usiseme neno kabla ya zote tatu kuonekana, kwa sababu karata husomwa pamoja na jirani zake.

Juzi alikuja mama anayeuza samaki Dunga, anataka kukopa kwenye chama anunue friza. Zikatoka nane ya pau, tisa ya shupaza, kumi ya uru. Alipoiona ile ya katikati akashika kifua. Nikamuuliza, "Mama, ni nani anayekunyima usingizi?" Akanyamaza, akazungusha pete yake, kisha akasema shemeji yake amekaa na pesa zake tangu Krismasi. Basi usomaji ukajipanga: kazi ipo, fedha ipo, na kati yake kuna mtu. Nikamwambia adai kwanza, mkopo baadaye.

Karata ile usiitaje kifo hata siku moja. Nilipokuwa nikianza nilimwambia jirani kuwa ni msiba. Hakulala siku tatu. Akauza mbuzi apate nauli ya kwenda Busia kumwona mamake, akamkuta shambani anapalilia mihogo. Nilimlipa yule mbuzi kidogo kidogo, na hadi leo nikiifunua huuliza kabla ya kusema.

Yule mama wa Dunga aliomba nizipange tena, labda zitatoka nzuri zaidi. Nikakataa. Swali moja hupigwa mara moja, na likitaka kurudiwa lingoje mwezi mwingine uandame. Nilizikusanya, nikazifunga kwenye leso, tukanywa chai.