Punguza wati ufike Nairobi: jinsi ya kuishi na kompyuta ya gemu ya mkononi

Treni ya Madaraka Express kutoka Mombasa hadi Nairobi huchukua kama saa tano, na hiyo ndiyo rula yangu. Mtu akija kibandani na kifaa cha gemu cha mkononi akaniuliza, "Fundi, hapa nimepata?", simwulizi kina prosesa gani wala nafasi kiasi gani. Namwuliza: ukikaa nacho kitini pale Miritini ukawasha gemu, Nairobi utafika bado kinawaka?

Kibanda changu kiko karibu na Mwembe Tayari. Kwa miaka mingi nimefungua konsoli ndogo za kila aina, na kazi ilikuwa ile ile: kijiti kinachojisogeza chenyewe, tundu la chaja lililolegea, skrini iliyokaliwa. Tangu Valve ilipotoa Steam Deck mwaka 2022, ikafuatwa na ROG Ally ya ASUS na Legion Go ya Lenovo mwaka 2023, mezani pangu kuna mgeni mwingine. Ni kompyuta kamili iliyovishwa umbo la konsoli. Na mara nyingi anayeniletea hana kitu kilichovunjika. Analalamika chaji haikai, kifaa kinaungua mikono, gemu fulani haifunguki. Bisibisi haiguswi, naingia kwenye mipangilio, nageuza vitu viwili vitatu, anaondoka anacheka. Vitu hivyo ndivyo nitakavyokuonyesha hapa, maana sipendi kumtoza mtu pesa kwa jambo analoweza kulifanya akiwa kitandani.

Kwanza, kama bado hujanunua, nijibu swali la mpira.

Vijana wengi huku kwetu wakisema gemu wanamaanisha mpira. Sasa, EA Sports FC za kwenye kompyuta huja na programu yake ya kuzuia udanganyifu, na programu hiyo haikubali kufanya kazi ndani ya SteamOS, mfumo wa Steam Deck, ambao kwa damu ni Linux, si Windows. Gemu nyingi za Windows hufunguka humo kwa sababu kuna mkalimani anayeitwa Proton: gemu inasema Kiwindows, Proton anatafsiri papo hapo. Mkalimani hodari kweli, lakini mlinzi wa FC hataki wakalimani mlangoni. Fortnite ni hali kadhalika. Kwa hiyo kama FC ndiyo roho yako, chagua Switch, konsoli ya mkononi ya Nintendo, au kompyuta ya mkononi yenye Windows kama ROG Ally. Usinunue Steam Deck halafu uje kunilaumu.

Pili, fikiria majirani. Kaseti ya Switch unamwazima rafiki, na ukiichoka unaiuza. Gemu ya Steam, duka la mtandaoni la Valve, imefungwa kwenye akaunti yako, haitoki. Lakini gemu za Steam hushushwa bei mara kwa mara, na ile uliyonunua miaka kumi iliyopita kwa ajili ya kompyuta ya mezani utaikuta inakungoja kwenye kifaa kipya bila kulipa tena. Mario na Zelda ni za Nintendo, kwenye kompyuta hizi hazipatikani kihalali. Na mwenye mtoto wa miaka saba amnunulie Switch, asinisumbue.

Wengine hudhani Switch haina shida ya chaji. Switch 2 iliyotoka Juni 2025 Nintendo wenyewe wanaiandikia saa 2 hadi 6.5, kulingana na gemu. Betri yake ni kama nusu tu ya ile ya Steam Deck ya kwanza. Inachowazidi wenzake ni kwamba watengenezaji wa gemu wameshakufanyia hesabu: wanajua kifaa ni kimoja tu, wanaipima gemu kwa kifaa hicho. Kwenye kompyuta ya mkononi, gemu haijui kama imekaa kwenye mashine ya mezani yenye feni tatu au kiganjani mwako ndani ya treni. Inadai kila kitu. Wa kuinyima ni wewe.

Hii vita ni ya zamani, kwa taarifa yako. Game Boy ya mwaka 1989 ilikuwa na skrini ya kijani-kijani isiyo na taa, wakati mshindani wake Game Gear alikuja na rangi na mwanga. Game Gear ilikula betri 6 za AA kwa saa chache tu. Game Boy iliweka 4 ikacheza siku nzima na zaidi. Unajua nani alishinda.

Haya, sasa wati.

Betri hizi hupimwa kwa wati-saa. Steam Deck ya kwanza ina 40, ile ya OLED ya Novemba 2023 ina 50, ROG Ally ya 2023 ina 40, ROG Ally X ina 80. Chukua namba hiyo, igawe kwa wati ambazo kifaa kizima kinakula, jibu ni saa zako. Kifaa chenye 40 kikila 25, unapata saa moja na dakika 36: treni iko maeneo ya Voi na wewe unatazama nyika dirishani. Chenye 50 kikila 10, saa tano. Umefika.

Kwenye Steam Deck, bonyeza kile kitufe chenye nukta tatu upande wa kulia, kisha shuka hadi kwenye alama ya betri. Washa mwonekano wa kina ili vipimo vyote vijitokeze. Kabla ya kugusa kingine chochote, washa pale panaposema mpangilio uwe wa gemu hii peke yake, la sivyo utakachobadilisha kitazifuata gemu zote na kesho utashangaa kwa nini nyingine inakwamakwama. Halafu tafuta palipoandikwa TDP. Hiyo ni posho ya prosesa, na mwisho wake ni wati 15. Anza hapo, nenda sehemu ya gemu yenye fujo nyingi (usipime ukiwa kwenye menyu, menyu hudanganya), kisha shusha wati moja moja. 14, 12, 10. Siku gemu itaanza kusitasita, rudisha wati moja au mbili juu, acha hapo. Gemu za picha bapa, za kurukaruka au za kulima shamba, hutosheka na 4 au 5. Gemu kubwa za dunia pana zitagoma ukishuka chini ya 10, nyingine hata kabla ya hapo.

Ukumbuke posho hiyo ni ya prosesa tu. Skrini, Wi-Fi na feni wanakula chao kando. Shusha mwanga wa skrini, na kama gemu haihitaji intaneti, zima Wi-Fi. Ndani ya Tsavo mtandao wenyewe unakuja na kuondoka, simu na kifaa vyote vinahangaika kuutafuta bure.

Kitu cha pili ni fremu, yaani picha ambazo gemu inachora kila sekunde, na hapa ndipo watu hubishana nami. Kijana mmoja aliniletea chake, mwanafunzi wa chuo, akaniambia, "Fundi, chini ya 60 si gemu, ni picha za ukutani." Nikamwekea 40 bila kumwambia, nikampa acheze. Alicheza robo saa, akaniuliza nimefanya nini mbona feni imenyamaza. Siri ni hesabu: kwa fremu 30, kila picha inakaa milisekunde 33.3, kwa 60 inakaa 16.7, kwa 40 inakaa 25, ambayo ni katikati kabisa ya hizo mbili. Jicho linapata nusu ya ulaini wote uliopo kati ya 30 na 60 kwa kuongeza fremu 10 tu. Skrini ya Steam Deck ya kwanza inaweza kushushwa hadi 40Hz, yaani kujichora upya mara 40 kwa sekunde, kwa hiyo fremu na skrini vinakwenda hatua moja. Kwenye ukurasa ule ule wa betri, weka kikomo cha fremu kiwe 40, kisha rudi kwenye TDP ujaribu kushusha tena. Mara nyingi utapata wati mbili tatu za bure.

Wenye Windows nao wana njia yao. Kwenye ROG Ally kuna programu ya Armoury Crate, yenye hali ya kimya inayompa prosesa wati 10. Anzia hapo. Usianze na Turbo kwa sababu tu jina lake ni zuri.

Lakini shida kubwa ya Windows kwenye kifaa cha mkononi ni usingizi. Konsoli ya kweli unaibonya katikati ya mchezo, unaitia begini, kesho unaibonya tena na mchezaji wako amesimama pale pale ulipomwacha. Switch inafanya hivyo, Steam Deck pia, na kwangu hiyo ni nusu ya thamani yake. Windows ikilala huwa jicho moja liko wazi: inaweza kuamka yenyewe ndani ya begi kutafuta masasisho. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, sehemu ya kitufe cha kuwashia, ukibadilishe kutoka Sleep kwenda Hibernate. Kuamka kutachelewa kidogo, ila chaji utaikuta. Dawa nyingine ni kununua kifaa kisicho na Windows tangu mwanzo: Legion Go S ya Lenovo ilikuwa ya kwanza, mwaka 2025, kuuzwa na SteamOS rasmi nje ya vifaa vya Valve wenyewe.

Kuhusu kupakua. Gemu moja kubwa inaweza kupita GB 100, na bando la simu haliwezi kazi hiyo. Steam ina uwezo, tangu 2023, wa kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine zikiwa kwenye Wi-Fi moja, bila kugusa intaneti kwa mzigo mkubwa. Kwa hiyo pakua mara moja kwenye laptopu mahali penye faiba, rudi nyumbani, washa vyote viwili kwa akaunti yako, kisha bonyeza kupakua kwenye kile cha mkononi. Kitavuta kutoka kwa mwenzake. Hili peke yake limeniletea wateja zaidi ya kibao changu cha mlangoni.

Ukinunua cha mkononi mwa mtu, elewa kwamba Valve haiuzi Steam Deck rasmi Kenya wala Tanzania. Vingi vinakuja kwa mizigo ya ndugu kutoka Dubai, Uingereza au Marekani, na udhamini hubaki huko huko. Kwa hiyo kikague mwenyewe. Kitufe cha kuwashia cha OLED ni cha rangi ya chungwa. Ukiambiwa OLED na kitufe ni cheusi, uliza maswali. Ya 64GB ya mwanzo ina hifadhi ya aina ya eMMC, iliyo ya polepole kuliko za wenzake, na bei ishuke kulingana na hilo. Zungusha vijiti vyote viwili, viachie, utazame kama kuna kinachotembea peke yake. Ingiza chaja, utikise waya kidogo. Chumvi ya pwani hula matundu ya chaja taratibu, na ukiona kijani ndani ya tundu, acha.

Chaja ya Steam Deck iwe ya USB-C ya wati 45 inayojua Power Delivery, lugha ambayo chaja na kifaa hukubaliana umeme kiasi gani upite. Ya simu isiyofika wati hizo inaweza kukuandikia onyo kwamba inachaji polepole, na ukicheza huku imechomekwa betri inaweza kuendelea kushuka tu. Pawabenki nayo hivyo hivyo: soma wati inazotoa, si ukubwa wake peke yake.

Joto halina mjadala mrefu. Valve wanasema kifaa chao kimekusudiwa kufanya kazi vizuri hewa ikiwa nyuzi 0 hadi 35, na Mombasa wakati wa kaskazi tunakaribia sana ukingo huo. Kinavuta hewa mgongoni na kuitoa juu. Usikilaze juu ya mto wala kanga, na usikiweke mfukoni mwa begi kikiwa bado kinapakua.

Mwisho ni hifadhi, kwa wale wenye mikono mitulivu. Steam Deck inatumia SSD, yaani kijibao cha kuhifadhia, ya M.2 ya ukubwa wa 2230, ile fupi. Ndefu za laptopu haziingii. Washa kwanza ile hali ya kuhifadhi betri iliyomo kwenye BIOS, mipangilio ya chini kabisa ya kifaa, ili kifaa kisijiwashe ukiwa ndani. Skrubu za mgongoni ni 8, ndefu 4 na fupi 4, zipange mezani kwa umbo la zilikotoka. Ukishafungua, chomoa waya wa betri kabla ya kugusa chochote. Na kabla ya yote hayo, kabla hata ya kushika bisibisi, toa kadi ya SD. Mimi sikuitoa. Ilikuwa Deck ya mpwa wangu, kaja nayo likizo kutoka Dubai, na nilikuwa nikimwonyesha jinsi mjomba anavyofanya kazi haraka. Kifuniko kiliponyanyuka kadi ikakatika vipande viwili kama biskuti, na gemu zake zote zilikuwa humo. Pale mezani akaanza kunihesabia, moja moja, kila gemu na siku ngapi ilichukua kupakua.